Malewa ya Afande

Harusi yangu ilikuwa imebakiza wiki mbili, na kichwa changu kilijaa vyakula tu. Wenzangu wakikaribia kuolewa huota shela na pete. Mimi nilikuwa naota masufuria.

"Hii watu yako ni mingi," Shangazi Namukose aliniambia asubuhi hiyo, tumekaa uani kwetu Bugembe tukimenya viazi vitamu. "Na kila mtu iko na tumbo yake. Tuanze tena. Mama yako?"

"Mama hali kuku. Wala mayai."

"Na mimi sili. Mwanamke aliyelelewa vizuri hapa Busoga hali kuku. Nyinyi wa siku hizi ndio mnatafuna mpaka miguu. Haya, Dauda?"

Dauda ni mume wa dada yangu, Mwislamu. "Nyama achinje mwenyewe," nikasema, "na sufuria yake iwe haijawahi kupika nguruwe."

"Ndugu za mama yako?"

"Uyoga ni mwiko wa ukoo wao. Hata mchuzi wake usipite karibu na sahani zao."

"Mzee wa kanisa iko na sukari, huyo tutamchemshia mboga. Walokole hawataki kuona malwa. Sasa wale wa pombe wakae wapi, na pombe ya ulezi ile inanuka mpaka barabarani?"

"Na mimi?" Wilkista alidakia kutoka kwenye kamba ya nguo. Wilkista alikuwa mpangaji wetu, Mkenya kutoka Homa Bay, anauza mitumba kando ya barabara kuu, na ni Msabato wa kufa mtu. "Msinisahau jamani. Kambale sili, kamongo sili. Samaki asiye na magamba hapiti kwenye koo langu."

"Wewe tutakupa sato," Shangazi alimjibu. "Ile mdomo yako nyingine yote haina mwiko hata moja."

"Na askari wa Afande?" Wilkista akauliza akicheka.

"Pilau," nikasema. "Wameapa wakiletewa ugali wa posho na maharage siku ya harusi, watarudi gerezani wenyewe."

Afande ndiye mchumba wangu, Enos, afisa wa magereza pale Jinja, Mgisu kutoka Mbale. Mtaa mzima ulimwita Afande, nami nilimwita hivyo mbele za watu kwa heshima, tukiwa wawili kwa utani, mpaka jina likakaa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini na macho ambayo yakikutazama unasahau ulichokuwa unasema. Nilisahau mengi sana mwaka ule.

Shangazi aliinuka, akafunga kamba kutoka kwenye mpapai hadi kwenye nguzo ya jiko la nje, akatundika juu yake mkeka mpana ulioshuka mpaka chini. Akarudi nyuma kuutazama, mikono kiunoni.

"Hapa nyuma ndio mama yako atakula," alisema. "Afande akae kule kwenye hema. Nataka hata kivuli isionekane."

Kwetu Busoga ndivyo ilivyo, na kwao Bugisu vilevile. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mikono, hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani, mama anajifunika na mkwe anaiacha njia. Wakiwa na neno la kuambiana, mtu wa tatu husimama katikati na kulipeleka huku na huku. Atakayelivunja hilo, wazee wanasema, mikono itamtetemeka mpaka anaingia kaburini. Sijui kama ni kweli. Ila sijawahi kumwona mtu mwenye akili zake akijaribu.

Na jambo hilohilo ndilo lililoniteka kwa Enos. Siku ya kwanza kuja kwetu, alisimama barabarani, akakohoa mara moja, akangoja. Mama alipata nafasi ya kukimbilia nyuma ya nyumba. Hata hivyo leso yake ilichungulia kwenye pembe, na Enos akaiona. Hakusita. Aliiacha njia, akasimama kwenye majani, akawapa mgongo watu wote mpaka nilipomwita. Baba yangu, ambaye hakupenda Kiswahili kwa sababu mara ya kwanza kukisikia kilitoka nyuma ya bunduki, siku hiyo alimsikiliza mgeni wake wa Kiswahili mpaka mwisho. Enos alipoondoka, baba alisema neno moja tu: "Amelelewa."

Shangazi peke yake ndiye aliyekunja uso. Alikuwa hataki nimpende mtu wa mbali, tena wa sare. "Huyu kijana hajaoa," aliniuliza jioni hiyo, "sasa amejifunzia wapi kumkwepa mama mkwe vizuri hivi?"

"Bugisu kuna mila, Shangazi," nikamjibu kwa maringo, na moyo wangu ukijaa.

Kwa hiyo kila mgeni alikuwa na chakula chake. Waliobaki bila kitu walikuwa watu wa bwana harusi mwenyewe. Jumapili iliyotangulia, tulipopanda kilima cha Wanyange na kukaa kwenye majani tukitazama ziwa, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake, nilimuuliza.

"Watu wako wanakula nini, Enos?"

"Watu gani? Wanakuja wajomba wawili tu. Watakula chochote."

"Na malewa je? Nasikia harusi ya Mgisu bila malewa si harusi."

Aliutoa mkono wake, akaanza kung'oa majani. "Malewa sitaki. Chakula cha kijijini kile. Watu watatucheka."

"Nani acheke? Mimi nataka wajomba wako wajue kwamba nimewafikiria."

"Janepher." Akanitazama kwa yale macho. "Wewe ndiye ninayekutaka. Mbale tuiache hukohuko Mbale."

Nilidhani anaona aibu ya nyumba aliyokulia, paa la nyasi, mama aliyefariki yeye Enos akiwa mdogo. Nilimpenda zaidi kwa aibu hiyo. Nikaamua nitamwondolea. Nitampikia malewa siku ya harusi yake, mbele ya Jinja nzima, ili ajue kwamba sioni haya na chochote chake. Mapenzi yana ujinga wake, na ule ndio ulikuwa wangu.

Alhamisi Wilkista alikuwa anakwenda Mbale kununua mitumba, nikafuatana naye. Sokoni tulielekezwa kwa mwanamke mmoja aliyekaa nyuma ya malundo ya machipukizi ya mianzi, yamekaushwa kwa moshi mpaka yakawa na rangi ya tumbaku. Hayo ndiyo malewa. Unayaloweka, unayachemsha, halafu unayapika kwa karanga na ufuta uliosagwa. Mama yule alikuwa mnene, mwenye kicheko cha karibu, na alikuwa anaitwa Maximilla. Mimi sikujua Kigisu, naye hakujua Kisoga, basi tukakutana kwenye Kiswahili.

"Ni ya harusi, Mama," nikamwambia. "Harusi yangu."

"Eeh! Na anayekuoa ni nani?"

"Mgisu mwenzenu. Afande wa magereza."

Alipiga makofi. "Wa magereza! Basi huyo ni kama wangu. Mkwe wangu mimi pia ni wa magereza. Lakini wangu walimpeleka Moroto, huko mbali. Barabara mbaya, wezi wa ng'ombe wengi, hawezi kuchukua familia. Mwanangu Racheal anamngoja kwangu na mtoto."

"Pole, Mama. Wangu mimi yuko Jinja, karibu."

"Umebarikiwa. Lakini wangu ni mzuri pia, silalamiki. Ana heshima huyo! Tangu alipotoa ng'ombe zake mpaka leo sijawahi kuona meno yake."

"Anaitwa nani?" Wilkista akauliza.

Mama Maximilla alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe Mkenya, jina la mkwe inatajwa? Nyumbani ni Baba Peace. Inatosha."

Tulicheka sana. Nilimweleza wageni wangu mmoja mmoja, na yeye akawa anawapangia. Yule wa sukari hatamwekea chumvi nyingi. Malewa hayana nyama, kwa hiyo Dauda atakula bila wasiwasi, mradi sufuria iwe mpya. Walokole watakula. Wasabato watakula. "Hii ndiyo chakula moja itapita mlango yote," alisema, akanishika shavu kwa mkono wenye harufu ya moshi. "Jumamosi nitakuja mwenyewe niwaonjeshe. Sina kawaida ya kusafiri kwa sababu ya sufuria, lakini umenigusa. Siku hiyo wewe utakuwa binti yangu."

Nilirudi Jinja nikiwa kama nimepewa zawadi. Jioni hiyo Enos alikuja kula kwetu, nikamwambia aje tena Jumamosi mchana, kuna kitu nataka aonje.

Jumamosi Mama Maximilla aliwahi. Alishuka kwenye taksi pale Bugembe na furushi kichwani, akavaa leso juu ya gauni, akachukua jiko letu kana kwamba alizaliwa mle. Harufu ya karanga na moshi wa mianzi ikajaa uani. Shangazi Namukose, ambaye hakuwa na neno jema kwa kitu chochote cha kutoka Mbale, alizunguka sufuria kama paka.

"Hii ni miti mnakula," alisema.

"Onja miti," Mama Maximilla akamjibu, akampa kwenye kiganja.

Shangazi aliramba. Akaramba tena. "Chumvi imezidi kidogo," alisema, akanyoosha kiganja kuongezwa.

Wilkista alicheka mpaka akakaa chini. Nakumbuka nilijisikia mwepesi mno. Nilisema moyoni, sasa hata Shangazi ameanza kukubali. Ndipo nikasikia kikohozi barabarani. Mara moja, kisha kimya, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Pita, Afande!" nikapaza sauti. "Mama yuko Budondo, hakuna wa kumkwepa leo!"

Akaingia akicheka, kofia ya sare kwapani. "Mnapika nini? Harufu hii inatoka—"

Mama Maximilla aligeuka na mwiko mkononi.

Nilikuwa katikati yao, niliona nyuso zote mbili. Mwiko ulianguka. Yule mama mnene ambaye asubuhi yote alisogea polepole, aliruka kama msichana, akavuta leso yake mpaka usoni, akapotelea nyuma ya mkeka wa Shangazi, uliokuwa bado umetundikwa. Na Enos hakuuliza chochote. Hakusema hata "kuna nini". Alipiga hatua kinyumenyume, akageuka, akaiacha njia, akaingia kwenye migomba na kuchuchumaa huko, mgongo wake kwetu.

Mimi nilicheka. Ndiyo, nilicheka. "Jamani, mbona mnakimbiana? Mama mkwe wako hayupo, nimekwambia!"

Hakuna aliyecheka nami. Wilkista alikuwa ameziba mdomo. Shangazi alimtazama Enos kule migombani, akautazama mkeka, na uso wake ukabadilika, ukawa wa huruma. Huruma ile ya Shangazi ndiyo iliyonitisha.

"Janepher," aliuliza polepole. "Huyo mwanaume amemkwepa nani?"

Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, na Enos alikuwa na mdomo mzuri. Lakini hofu ile ya mama mkwe tunainyonya na maziwa, na miguu yake haikumpa nafasi ya kufikiri.

"Labda ni shangazi yake," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

"Shangazi hakimbiwi hivyo."

Kutoka nyuma ya mkeka sauti ya Mama Maximilla ilisikika, imeshuka, haina tena kile kicheko cha sokoni.

"Binti yangu. Niulizie huyo mtu aliyeko migombani. Moroto imehamia Bugembe lini?"

Nilisimama palepale. Kule wapo wawili wanaojua Kigisu, hatua chache baina yao, na hawawezi kusemezana hata neno. Lazima mtu apeleke.

"Niende mimi?" Wilkista akanong'ona.

"La," Shangazi akasema. "Ameombwa yeye. Nenda, mwanangu. Heri usikie mwenyewe."

Nikaenda. Alikuwa amechuchumaa, kofia ameikunja kwenye ngumi. Hakugeuka.

"Janepher, ngoja nikueleze."

"Nimetumwa. Unaulizwa Moroto imehamia Bugembe lini."

Jani la mgomba lilimgusa bega, hakuliondoa. "Mwambie nilihamishwa."

"Lini?"

"Kabla sijakujua wewe."

Nikarudi kwenye mkeka. "Anasema alihamishwa, Mama. Kabla hajanijua mimi."

Nyuma ya mkeka kulikuwa na pumzi ndefu. "Muulize tena. Racheal amemkosea nini? Kama ni mvivu, aseme. Kama anajibu vibaya, aseme. Mimi ndiye mama yake, nitamkanya. Mtoto anauliza baba kila siku. Muulize tu kosa ni gani."

Neno hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Mwizi wa mume wa binti yake alikuwa mimi, na bado alikuwa ananiita binti. Nilitembea kurudi migombani na kila hatua ilikuwa nzito.

"Racheal amekukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Basi kosa ni langu?"

"Hilo umetumwa, au unauliza wewe?"

"Nauliza mimi, Enos."

Ndipo aliponigeukia. Macho yalikuwa mekundu, na yalikuwa bado yale yale. Nilimpenda hata dakika ile, sitasema uongo. Nilitaka aseme kitu, chochote, kitakachonirudisha kilimani Wanyange.

"Sikufunga naye ndoa," alisema haraka, kwa sauti ya chini ili isifike kwenye mkeka. "Sikiliza, Janepher. Nilikuwa kijana, nikatoa ng'ombe, ikaisha hapo. Ni mambo ya nyumbani. Kanisani mimi sina mke. Nitakayesimama naye madhabahuni ni wewe."

"Na mtoto? Hukumzaa kwa sababu hakuzaliwa kanisani?"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Baada ya harusi. Ukishatulia."

"Ndiyo maana hukutaka malewa."

Aliitazama kofia iliyokuwa kwenye ngumi yake.

"Mimi nilidhani unaona aibu ya umaskini wenu," nikamwambia, na machozi yakaanza bila ruhusa yangu. "Nilisafiri mpaka Mbale kukutafutia chakula cha kwenu. Nimeshika mkono wa yule mama. Nimempa pole, Enos! Nilimpa pole kwamba mkwe wake yuko mbali, na wewe siku hiyohiyo ulikula kwetu chakula cha jioni!"

"Usilie. Tafadhali." Alinyoosha mkono, nikarudi nyuma. Akaushusha, akafikiri kidogo, na nikamwona akijikusanya, akirudi kuwa Afande. "Haya. Mwambie hivi. Mwambie Racheal nitaendelea kumtunza, sitamtupa. Nyumba ya Mbale ni nyumba yangu, na hii ya Jinja itakuwa nyumba yangu. Wanaume wengi wanaishi hivyo na hakuna aliyekufa. Wewe nenda umweleze kwa upole, arudi leoleo, asije akaharibu harusi. Wewe unajua kusema na watu. Atakusikia."

Nilimtazama. Nafikiri hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Kunidanganya ningeweza, siku moja, kumsamehe. Lakini alikuwa ananituma. Alitaka mikono yangu ndiyo ichukue uongo wake, impelekee mama wa mke wake, tena kwa upole, kwa sababu ninajua kusema na watu. Na kesho angenituma kwa nani? Kwa mtoto?

"Umesikia?" aliuliza. "Nenda, mpenzi."

Nikaenda. Shangazi na Wilkista walikuwa wamesimama kando ya jiko, Wilkista akilia. Niliokota mwiko, nikaufuta kwa pindo la leso yangu, nikapakua malewa kwenye sahani moja kubwa, moja ya zile mpya tulizonunua kwa ajili ya harusi. Nikainua pembe ya mkeka, nikaingia.

Mama Maximilla alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, leso imemwangukia mabegani. Alikuwa ameinua mikono yake mbele ya uso, anaitazama. Ilikuwa inatetemeka.

"Imeanza," alisema. "Nimemwona uso, mwanangu. Ameingia akicheka. Leo nimeyaona meno yake."

Nikaweka sahani chini, nikaishika mikono ile miwili, nikaikumbatia kwenye kifua changu. Ilitetemekea pale, na mimi nikatetemeka nayo.

"Sikujua, Mama. Naapa sikujua."

"Ungejua ungekuja kunitafuta kwangu na kicheko ile? Najua hukujua." Alinitazama. "Amesema nini? Alikutuma neno."

"Alinituma."

"Lete basi."

"Halikufika, Mama. Limenifia njiani."

Hakuniuliza tena. Alivuta sahani, akamega kiazi, akachovya, akanipa mkononi kama mama anavyompa mtoto aliyetoka kuugua. Nikala. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula malewa. Yana uchungu kidogo kwanza, halafu karanga zinafuata. Yalikuwa matamu, na hilo lilinichoma vibaya sana, kwamba chakula cha harusi yangu kilikuwa kitamu hivyo.

"Janepher!" Sauti ya Enos ilitoka migombani, ina haraka. "Umemwambia?"

Nilimeza. Mdomo ulitaka kumjibu, kwa mazoea tu, kama ulivyomjibu mwaka mzima kila alipoita. Nikautazama mkeka. Jua la mchana lilikuwa linapita kwenye matundu yake madogo, na upande wa pili kulikuwa na mtu ambaye sikutaka tena anione uso.

"Janepher! Nakuita!"

"Shangazi," nikasema, bila kupaza sauti.

"Nakusikia, mwanangu."

"Nipelekee neno kwa huyo mtu aliyeko nje."

Wilkista aliacha hata kulia.

"Neno gani?"

"Mwambie hapa hana mchumba. Mwambie hapa ana mama mkwe wake tu, na mama mkwe anakula, kwa hiyo asikaribie. Kama ana la kumwambia Racheal, njia ya Mbale anaijua."

Nilisikia viatu vya Shangazi vikielekea migombani, polepole, kama mtu anayebeba maji na hataki yamwagike. Nilimsikia akilisema lote, neno kwa neno, kwa Kiswahili chake kilichovunjika. Hakuongeza tusi hata moja, na kwa Shangazi Namukose hilo ni jambo kubwa.

Sufuria ilichemka bila mtu wa kuikoroga. Kisha majani makavu yalivunjika chini ya buti. Nilizihesabu moyoni zile hatua na mahali zilipofika, mpapai, banda la kuku, mlango wa ua, kwa sababu nilizijua zote. Nusu yangu ilikuwa inamfuata. Mama Maximilla alilijua hilo, akanishika goti.

Alipofika barabarani alisimama. Akakohoa mara moja, kama ilivyokuwa desturi yake, ili mwenye kujificha ajifiche.

Mama Maximilla alivuta leso yake usoni. Na mimi nikavuta yangu.